Picha Kubwa ya Owino

Jumanne, 3 Machi 1981
Owino wa reli amefariki jana. Mkewe, Apondi, jirani yangu, kaja studio asubuhi, macho mekundu, mtoto mgongoni. Anataka picha kubwa kama sinia, itangulie jeneza. Picha ya Owino iko moja tu — ile ya kwaya, Krismasi, watu arobaini mbele ya kanisa letu hapa Makadara. Niliipiga mimi.
“Mama Waringa, huyu mtoto hajafika hata mwaka. Atamjua baba yake kwa hiyo picha.”
Nikasema sawa. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 4 Machi
Nimelia ndani ya chumba cha giza. Kamera yangu ni ya nusu: filamu ya picha thelathini na sita inanitolea sabini na mbili, kila moja nusu ya ukubwa. Miaka sita najisifu ujanja! Zikiwa ndogo, nani atajua? Uso wa Owino kwenye filamu haufiki punje ya dengu. Nimeukuza — chengachenga tupu, chumvi na masizi. Macho matundu mawili.
Apondi haelewi. Mbona nakala yake ya kwaya kule nyumbani iko safi? Nikamweleza: iko safi kwa sababu ni ndogo. Kilichoingia kwenye filamu ni hicho tu, karatasi kubwa haiongezi kitu. Akaniangalia kama mwizi. Ana haki.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeshika brashi na wino. Nyusi. Masharubu. Pua nimekisia. Jirani wa miaka minane, na sikumbuki pua yake! Kumwuliza Apondi naona aibu. Saa kumi uso ukatoka mzuri, wa mtu fulani. Majuto ni mjukuu.

Ijumaa, 6 Machi
Mama yake Owino kafika kutoka Siaya kumchukua mwanawe. Miaka tisa hajamwona. Kaikumbatia picha, analia — ndiye, ndiye mtoto wangu! Anataka nakala nne zaidi. Wanawake wote matangani wakaangua kilio.
Apondi hakulia. Kanivuta jikoni.
“Huyu ni nani?”
Nikashika sufuria, nikajifanya naosha. Mwoga mimi.

Jumamosi, 7 Machi
Apondi kapita hapa kabla ya safari. Hakuketi. Anasema nitoe hizo nakala, mama mkwe amefurahi. Kisha kaweka ile ya kwaya mezani.
“Na hii kaa nayo wewe. Mtoto asiione, asije akalinganisha.”
Katoka. Lori la jeneza linapiga honi huko nje. Picha ninayo mkononi, na bado sijainuka kumrudishia.