Mwaka Mmoja Mbele ya Butoyi

Cibitoke, Jumatano

Tangu leo saa nne mi nina miaka kumi na sita. Butoyi, pacha wangu, amebaki na kumi na tano.

Tangu Baba asirudi, lazima mumoja wetu afanye kazi. Kiwanda cha kuchambua kahawa hakichukui mutoto wa chini ya miaka kumi na sita, ndiyo maana Mama alinipeleka ofisi ya komine kutafuta karatasi ya umri. Ile ya kweli iliungua na nyumba. Jirani wawili wakaapa kwamba wananijua tangu nizaliwe. Yote yalienda muzuri, mpaka karani aliposoma jina langu.

"Bukuru? Basi Butoyi yuko wapi?"

"Yuko masomoni," Mama akajibu haraka. "Ana miaka kumi na tano."

Nilitamani ardhi ipasuke! Hapa kila mutu anajua kwamba Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha, wanazaliwa siku moja. Kwa nini hakunyamaza tu?

Karani akaweka kalamu chini. Akaangalia viatu vya Mama, halafu mimi.

"Mama, hawa mapacha uliwazaa mwaka muzima?"

Kisha mbele ya mwaka wangu wa kuzaliwa akaandika "vers", yaani kwa Kifaransa "karibu na", akagonga muhuri.

Sasa mvua inaanguka juu ya mabati, na mi nautafuta ule mwaka nilioongezewa. Labda unaelea juu ya ziwa, bila masomo, bila risasi, na hakuna mutu aliyeuishi.

Butoyi ameisoma karatasi yangu mara mbili. Hakucheka.

"Ukifika kumi na saba," akasema, "simama hapo, uningoje."