Kufuli la Chumba cha Baba

Endamarariek, 14 Juni 2025

Mwanangu Remigius,

Hujaniamkia, lakini marahaba. Natumaini huko Dodoma mu wazima, wewe, mama watoto na wajukuu zangu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaniringia kila asubuhi kwa hii baridi na ukungu. Maharage tumeshapiga. Yule ng'ombe mweupe amezaa jike.

Usishangae kupata barua mkononi mwa konda wa basi kama zamani. Simu ninayo. Lakini kwenye simu, kila nikikaribia neno lenyewe unaniambia uko kikaoni. Barua haina kikao, utanisoma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Lilian, mtoto wangu wa ubatizo. Sasa ni mkubwa wa usafi kwenye lodge moja ya watalii hapo juu Karatu. Mwezi uliopita alinichukua nikaone anapofanyia kazi, akanifungulia chumba cha mgeni. Remi, mle ndani mlikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja na dirisha. Basi. Nikamuuliza, "Vitu vyao viko wapi?" Akacheka. "Mama mkubwa, hapa wanalipia nafasi." Nikakaa kwenye kile kiti, nikatazama msitu, na kifua changu kikashuka. Watu wanapanda ndege kuja kulipia chumba kisicho na kitu. Mimi nimekosa nini nisikipate bure nyumbani kwangu?

Nilirudi nikaanza siku hiyo hiyo. Kabati la vyombo limeondoka na vikombe vyake vyote ambavyo tangu ndoa yangu havijawahi kuonja chai. Chupa za chai zilikuwa saba, imebaki moja. Kalenda za parokia tangu wewe uko shule ya msingi nimezitoa ukutani, na ukuta nimeuona kwa mara ya kwanza. Lile friji lako bovu ulilosema utarudi kulichukua amelichukua fundi, anahifadhia misumari. Makochi na vitambaa vyake nimewapa wanakwaya. Sebuleni sasa ukiita, sauti yako inakurudia.

Kimebaki chumba kimoja, nacho unakijua. Baba yako tulimzika, na siku ya tatu wazee walipokaa kugawa nguo za marehemu, wewe mzaliwa wa kwanza ukasema tungojee watoto wote wakusanyike. Ukafunga kufuli, ukaondoka na ufunguo. Ni miaka minne sasa. Na unajua kwetu nguo zisipogawanywa msiba haujafungwa. Sijakanyaga harusi ya mtu. Nikisikia vigelegele kwa jirani nafunga dirisha, maana mjane aliye kwenye msiba hachezi. Wenzangu niliofiwa nao mwaka mmoja wameshasahau hata rangi ya nguo walizovaa.

Nataka ufunguo, au nakutaka wewe mwenyewe. Ukija ndiyo vizuri zaidi.

Ni mimi mama yako,
Selestina


Dodoma, 29 Juni 2025

Shikamoo mama,

Pole na goti. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule. Hongera kwa ndama.

Nimepiga simu mara kumi na moja hupokei, kwa hiyo nimelazimika kuandika kama ulivyotaka. Baba mdogo Naftali alinipigia kabla hata barua yako haijafika. Anasema majirani wanaulizana kama mama Remi anaaga. Mtu mzima anagawa kabati, anagawa makochi, watu wafikirie nini? Nimeona aibu, mama. Lile kabati nilikununulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza.

Hayo ya kuishi na vitu vichache ni mtindo wa watu waliokuwa navyo vingi wakavichoka. Hao wageni wa Lilian wakirudi kwao wana magari mawili. Sisi tumetoka kwenye nyumba ya tembe, tukalala watano kitanda kimoja. Vitu ndivyo vinavyoonyesha kwamba baba hakufanya kazi bure.

Kuhusu chumba cha baba, naomba tusikiguse. Nitapanga likizo mwezi wa kumi na mbili tukae wote tuzungumze. Nakutumia sofa jipya kwa lori la mizigo, litakufikia wiki ijayo.

Ni mimi mwanao,
Remigius


Endamarariek, 6 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru mko salama. Goti limetulia, hasira ndiyo imepanda.

Sofa limefika. Sikulishusha. Dereva alinibembeleza, nikamwambia alipeleke zahanati, wajawazito wanakaa kwenye benchi la mbao pale. Sasa wanakalia sofa lako na wanakuombea. Usinitumie jingine.

Waambie wanaouliza kwamba simuagi mtu. Mtu anayetaka kufa haamki alfajiri kupaka chokaa. Naona uko radhi watu wasifu kabati langu kuliko mimi nipumue ndani ya nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu, nikiwa na mimba yako. Eti mtindo. Nani aliyekuwa anafuta vumbi kwenye vile vikombe kila Jumamosi, wewe?

Na huo mwezi wa kumi na mbili naujua. Uliutaja mwaka wa kwanza, ukautaja wa pili. Mwaka wa tatu ulifika mpaka Karatu mjini na wageni wako wa ofisini, mkapanda Ngorongoro kuona faru, mkateremka, ukanipigia uko Makuyuni, umeshanipita.

Nimezungumza na katekista na wazee. Tutagawa nguo za baba yako Jumamosi tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi. Ufunguo ukiwepo tutafungua. Usipokuwepo tutafungua vilevile.

Mama yako


Dodoma, 20 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Safari hii sitakuuliza habari, kwa sababu zako ninazo zote, baba mdogo ananipa kila siku. Ameniambia hatashiriki. Mwanamke hagawi nguo za mumewe, na mzaliwa wa kwanza hajapitwa tangu babu na babu. Una haki ya kuchoka, lakini haki ya kugawa huna.

Ukivunja lile kufuli, mama, usinihesabu tena kwenye watoto wako. Nimeandika, nimesoma, nimeacha hivyo hivyo.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia hata mke wangu. Ile wiki baba alipozidiwa alinipigia yeye mwenyewe. Aliniomba nije nimpeleke hospitali kubwa, akasema hataki kwenda na mtu mwingine. Nilikuwa na semina. Nilimwambia asubiri mwisho wa mwezi. Alisema, "Haya, baba." Hakufika mwisho wa mwezi.

Siku ile nilipofunga kufuli nilikuwa nimeingia mle peke yangu. Koti lake la kazini limening'inia kwenye msumari, mabega yamejaa kama amelivaa. Nilianza kumwomba radhi nikashindwa kumaliza, watu wakaniita kula. Nilisema nitarudi nimalize. Kila nikifika karibu na Karatu napitiliza. Lakini najua chumba kipo, na kila kitu kiko pale alipokiacha. Mkigawa, mimi nitakwenda kumwambia wapi?

Usikiguse. Nakuomba kama mtoto.

Remigius


Endamarariek, 4 Agosti 2025

Remi mwanangu,

Habari za huko. Mimi mzima. Barua yako niliisoma mara tatu, nikalia, nikaiweka kwenye Biblia. Halafu Jumamosi nikafungua.

Lilian alikuja na msumeno wa chuma wa fundi wao. Baba yako mdogo alisimama getini na kofia yake ya harusi, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Shemeji, mwanamke hagawi!" Nikamwambia, "Basi ingia ugawe wewe." Akasema, "Nitagawaje na mwenye nafasi yake hayupo?" Nikamwambia, "Hayupo miaka minne, Naftali. Wewe ulikuwepo, ulifanya nini?" Watu walicheka, hata katekista alijifanya anakohoa. Hakuingia wala hakuondoka. Alikaa pale pale mpaka mwisho, akiinua shingo aone nani kapata nini.

Sasa nikwambie nilichokikuta, maana wewe una picha nyingine kichwani. Baba yako hayumo mle, Remi. Mle mlikuwa na panya. Godoro wamelifanya pamba. Suti ya ndoa ukiishika inabaki mkononi unga. Hukumtunza baba yako kwa lile kufuli, ulitunza panya. Mashati kumi na mawili mazima tungewavisha watu, tumepata matatu. Nilikaa kwenye sakafu nikakasirika, na sikukasirikia panya.

Kitu cha kwanza ni cha mzaliwa wa kwanza, ndiyo desturi, na wote waligeuka wanitazame. Nikachukua buti zake za mvua, nikazivaa hapo hapo. Nikasema, "Cha kwanza nimechukua mimi, niliyemwosha." Zinanipwaya, naweka soksi mbili, naingia nazo bandani kwa nguruwe.

Mzee Sairowua aliteremka kutoka juu kule kwao Ngorongoro, kwa miguu na kwa lori. Ndiye aliyekuwa akimlaza baba yako bomani kwake, enzi zake za kuendesha greda la barabara, kila lilipokwama kwenye tope la kreta. Nilimpa lile koti. Panya walikuwa wametafuna mfuko mmoja tu. Alilivaa juu ya shuka yake, akapiga kifua, akasema, "Mama, baridi ya huko haijui kufa kwa mtu. Mlikuwa mnalifungia nini?"

Kuhusu lile uliloniambia. Nilikuwepo alipokupigia, nilishika simu sikioni mwake. Ningeweza kukuandikia kwamba alikusamehe, ungelala vizuri, na mimi ningekuwa mwongo. Hakusema amesamehe, hakusema amekasirika. Alikuwa na maumivu. Aliuliza mara mbili kama umefika, mara ya tatu akaomba maji. Ndivyo ilivyokuwa na wewe utaibeba hivyo ilivyo. Mimi pia ninayo hatia yangu: nilingoja uje, badala ya kumpandisha kwenye gari la jirani kwa nguvu. Sikuifungia kufuli. Nalima nayo, nakwenda nayo misa.

Umesema nisikuhesabu. Nilikuzaa kwa siku mbili, Remi. Kuhesabu nahesabu mimi.

Mama yako


Endamarariek, 15 Septemba 2025

Mwanangu Remigius,

Natumaini mu wazima, ingawa hujaniambia. Wiki sita sasa. Konda nimemuuliza kila basi likipita mpaka ananikwepa, mara ya mwisho alinionyesha begi lake kuwa ni tupu.

Sawa, nyamaza. Lakini usidhani nimekaa nimeinamisha kichwa. Huku upepo umeanza, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na ndani ya saa moja nimeshafagia nyumba nzima kwa sababu hakuna cha kuzunguka. Mbaazi tunavuna. Chumba kile nimekipaka chokaa, dirisha liko wazi mchana kutwa. Sikuweka kitu. Cresensia mdogo wako alipokuja aliniuliza ni chumba cha nini sasa, nikamwambia si cha kitu chochote, na aliyeona vibaya afunge macho.

Juzi Jumamosi jirani yetu Patrisi alimwoza binti yake. Nilioga, nikavaa kitenge cha kijani, nikaingia ukumbini kwa mlango wa mbele. Mlezi wa kina mama alinivuta pembeni akaninong'oneza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika kuliko bwana harusi. Ngoma ilipopigwa nikasimama katikati, nikacheza, Remi. Na hili goti. Nilicheza mpaka yule Naftali akaacha kula nyama akabaki kunitazama. Kuna walionuna. Wanune.

Nimemaliza kumlilia baba yako. Nilidhani siku nikimaliza nitaona aibu, sikuona. Sirudishi kufuli, sirudishi kabati, na sitaomba radhi kwako wala kwa ukoo.

Lakini wewe hujamaliza, hata kuanza hujaanza, na kulia peke yako Dodoma na mlango wa ofisi umefungwa najua si kulia. Njoo Jumapili yoyote. Huna haja ya likizo wala ya kunitangazia. Mimi yangu yamekwisha, lakini kwa ajili yako nitakaa chini nianze kulia tena, kwa siku moja tu.

Mama yako