Shahidi wa Mzee Andati

Kaloleni, Nairobi
14 Mei 1994

Kwa Baba Mdogo Job,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini hapo Shinyalu hamjambo nyote, na goti la Nyanya Kageha limepata nafuu. Mimi sijambo, ila kushona mashati kiwandani kumenimaliza macho.

Nimeanza kuandika historia ya marehemu Babu, ile utakayoisoma siku ya makumbusho yake mwezi wa nane. Ya vita vya Burma nimeiweka vile alivyotusimulia: jinsi alivyombeba mwenzake mgongoni siku mbili kwenye matope mpaka mguu wake mwenyewe ukaharibika. Niliandika huku nalia.

Kuna jambo linanitia wasiwasi. Tangu nihamie nyumba hii ya Babu, kila Ijumaa baada ya swala anakuja mzee mmoja Msomali, mrefu, ndevu za hina. Haombi kitu. Anaketi kwenye kiti cha Babu, anakunywa chai, anaenda. Juzi akaniuliza, "Historia ya Andati nani anaandika?" Amejuaje? Teresiah wa nyumba ya pili anasema, "Huyo amekuja hapa miaka mingi, Ayuma, wacha wasiwasi." Mimi siwezi kuacha. Wewe unamjua?

Mtoto wako,
Ayuma

Shinyalu
29 Mei 1994

Kwa binti yetu Ayuma,

Barua imefika. Sisi wazima, isipokuwa goti la Mama ni lile lile.

Simjui Msomali yeyote. Baba hakututajia mtu kama huyo hata siku moja. Mtu hawezi kufuata chai kila Ijumaa kwa nyumba ya marehemu. Hiyo nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, wengi wanaimezea mate, fungua macho.

Na medali za Baba za vita ziko wapi? Wakati wa matanga ulisema tu "zipo". Zipo wapi, Ayuma? Usije ukaniambia umempa mtu akuwekee. Huyo mzee mfukuze.

Baba Mdogo,
Job

Kaloleni
11 Juni 1994

Baba Mdogo,

Hujambo? Nyanya hajambo? Mimi nimekasirika, sitaficha.

Medali ziko ndani ya sanduku la Babu chini ya kitanda changu. Njoo uzione kwa macho yako, kama neno langu halitoshi.

Msomali nimemfukuza jana. Nilimwambia majirani wakisikia, "Mzee, hapa huna urithi." Aliweka kikombe chini, akasema, "Haya, mama," akaenda zake. Sasa umeridhika?

Ayuma, mtoto wako bado

Shinyalu
27 Juni 1994

Kwa binti yetu Ayuma,

Salamu. Yale ya medali nisamehe, kufiwa kunaharibu ulimi.

Huku mambo yamechacha. Unajua siku ya makumbusho mafahali huzungushwa kaburini kwa mtu aliyekuwa shujaa vitani. Sasa kuna mzee ametangaza kwamba Baba alikuwa mpishi tu jeshini, na kwamba ule mguu aliumizwa na sufuria. Wazee wa ukoo wamekata shauri: aje mtu aliyekuwa naye vitani, asimame aseme alichoona. Bila shahidi, hakuna fahali. Mama hali chakula vizuri tangu asikie. Mumewe kukumbukwa kama mpishi!

Tafuta mwanajeshi yeyote wa zamani. Yule Msomali hakusema alijuana na Baba wapi?

Baba Mdogo,
Job

Kaloleni
17 Julai 1994

Baba Mdogo,

Salamu kwako na kwa Nyanya. Kaa chini kabla hujaendelea.

Nilimtafuta wiki mbili, kwa aibu yangu yote. Nilimpata soko la Kariokor, ameketi kwa wauza akala, vile viatu vya matairi. Anaitwa Wehliye. Niliomba msamaha, kisha nikamwuliza, "Ni wewe Babu alikubeba?"

Alicheka. "Mimi ndio nilimbeba yeye. Risasi ilishika mguu wake. Siku mbili ananiimbia nyimbo za kanisa kwa sikio, na mzito kama nini!"

Nilimwita mwongo. Hakubishana. Aliuliza tu tarehe ya makumbusho, akasema, "Nitakuja, nitasema alinibeba." Hapo nikamshuku zaidi. Ni nani anampa mtu mwingine ushujaa wake? Nikamwuliza anataka nini kwetu.

Akaniambia ya mwaka wa themanini na tisa, Wasomali walipokuwa wanapigwa msasa na serikali, kila mmoja athibitishe yeye ni Mkenya. Karatasi zake zilikuwa zimepotea na marafiki wakajificha. Babu alijikokota na mguu ule, akapanga foleni naye siku tatu, akamwambia afisa, "Huyu tulikuwa jeshi moja. Mkimfukuza, mnifukuze na mimi." Wehliye akasema, "Alisimama kwa ajili yangu. Hata mimi nitasimama."

Nilirudi kwa Teresiah kuhakikisha. Anakumbuka. Yeye ndiye aliyempelekea Babu uji kwenye foleni, na ndiye aliyemwambia Wehliye kwamba historia inaandikwa.

Historia ya kwanza nimeichana. Mpya nimeiweka ndani ya bahasha hii, mambo yote mawili yamo, kubebwa na foleni. Sitaki mzee wa watu aape uongo juu ya kaburi la Babu, hata tukikosa mafahali. Ninachoogopa ni Nyanya. Nijibu upesi.

Mtoto wako,
Ayuma

Shinyalu
5 Agosti 1994

Kwa binti yetu Ayuma,

Salamu. Barua yako niliifungia kabatini siku tisa. Nilidhani mmepanga jambo na huyo mzee, na hata sasa nakwambia ukweli, sijamwamini kabisa. Nilikuchukia pia.

Jana nikawasomea wazee historia yako mpya, neno kwa neno. Wakasema aliyebebwa hazungushiwi fahali. Yule mzee mzushi wa sufuria alicheka mpaka akakohoa. Nilitoka nje nikalia, mtu mzima mimi.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani ataanguka. Aliniuliza tu kama huyo mzee ataweza safari ya basi.

Mje naye. Mama anasema mgongo uliomrudishia mume anataka kuushika kwa mkono wake, kabla hajafa.

Baba Mdogo,
Job