Dada Nice Amemaliza Kahawa ya Wageni

Kwa heshima na taadhima, natangaza kuwa sayansi imeingia rasmi katika ukoo wetu.

Obedi rafiki yangu, acha kucheka. Imetuvunjia uchumba wa dada Nice.

Wageni wa posa wametoka Geita, wamevuka daraja la Busisi, wakaketi sebuleni kwetu Igogo na makoti yao. Bibi akaagiza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Unajua sisi Wahaya, mgeni hakaribishwi bila hiyo. Nice akaleta kikapu kitupu.

Mzee wao akachungulia ndani. "Mama, si mngetuambia tu tusije?"

Si mngetuambia tu tusije! Mbele ya mchumba wake!

Kumbe Nice alikuwa anaitafuna kwa siri, chungu hivyo hivyo, ili apungue unene kabla hawajamwona. Kuna mtu alimwambia polifenoli, yaani kemikali fulani zilizomo kwenye kahawa, huzuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta. Hakumwambia kwamba hayo yalionekana kwenye seli zilizooteshwa maabara, ndani ya kisahani, si kwenye mwili wa mtu.

Wageni wameondoka. Chakula hawakugusa.

Bibi akauliza, "Nani kakudanganya, mjukuu wangu?"

Nice akanitazama, na Bibi akageuka kufuata macho yake.

Nikajikuta nasema, "Shikamoo, Bibi."

Akanisogezea kile kikapu kitupu.

Ndipo nikasema ni mimi, nilitaka tu kuona sura ya dada akitafuna uchungu.