Mwavuli wa Marieta

Dada Gaudensia, shikamoo.

Natangaza rasmi kwamba jirani yetu Marieta sasa anaoga chini ya mwavuli. Bafu lake halina paa, na mimi narusha droni. Mama hajambo, maharage yamestawi.

Jumatatu Marieta alinipeleka polisi. "Afande, huyu ananichungulia!"

Afande akaigeuzageuza droni. "Kamera iko wapi?"

"Ilivunjika tangu Februari," nikasema.

Marieta akanikazia macho. "Sasa kila jioni ulikuwa unaileta kwangu kufanya nini?"

Dada, jibu unalijua wewe; mbele ya polisi nikaishia kuifuta droni vumbi. Usikate tena tiketi ya kuja kunipelekea posa kwa kina Marieta. Afande alipomwuliza kama ameolewa, ili ajaze fomu, alijibu kuwa posa ya mwalimu mmoja wa Dirma ilipokelewa kwao tangu Pasaka.

Mdogo wako,
Sulle