Ukurasa Ulioniomba Wodini

Mjomba Deo, shikamoo.

Nimeandika hivyo halafu nikangoja marahaba yako. Mazoea tu.

Kibanda chetu cha kuazimisha riwaya bado kipo palepale sokoni Rulenge, na mpwa wako Koleta ndiye anayekalia kiti chako. Rafu nne nimeziacha na majina uliyoandika kwa chaki: "Nani Kaua", "Nipende", "Usisome Peke Yako" na "Zamani". Ile riwaya moja ya watu wanaohamia mwezini bado inalala juu ya redio. Ulisema ikipata mwenzake tutaipa rafu yake. Haijapata, maskini.

Mama Anitha wa Murukulazo, yule aliyekuwa hataki kusikia kitu ila mapenzi, amehamia kwenye majini. Anasema wanaume wa vitabuni wamemchosha, afadhali majini, yanajulikana yanataka nini. Ungecheka mpaka ukohoe. Na yule bwana aliyezaliwa Lukole enzi za kambi ya wakimbizi bado anaipita rafu ya Zamani bila kuigusa. Anasema ya kwao nyumbani yanamtosha. Simlazimishi, kama ulivyonifundisha.

Wembe wako ninao. Riwaya ya upelelezi ikiingia, nakata ukurasa wa mwisho, naandika juu yake jina la kitabu kwa penseli, natia kwenye kopo la maziwa. Msomaji anarudisha kitabu, anakaa kwenye benchi, anausoma hapohapo. Utotoni nilidhani unafanya hivyo ili vitabu visipotee. Wapi. Ulitaka kuona nyuso zao wakimjua muuaji, hata chai yako uliiacha ikapoa. Za mapenzi hukuzikata. Ulisema mwisho wake kila mtu anaujua, na anayetaka kulia akalie kwao.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka.

Ulipolazwa ulikwenda na kile kitabu cha mauaji ya mwenye duka, ukanikabidhi mwenyewe ukurasa wake wa mwisho, maana sheria ni sheria hata kwa mwenye kopo. Jumatano ukaniambia umemaliza. "Koleta, lete ukurasa. Ni fundi saa, nataka kuhakikisha tu." Ukurasa ulikuwa ndani ya mkoba wangu, Mjomba. Nikakutania: "Mwisho unasomewa kwenye benchi. Pona kwanza, urudi." Ukacheka, ukasema nimekuwa mkali kuliko wewe. Mimi nikajiona nimekupa sababu ya kurudi nyumbani. Ijumaa asubuhi nikafika na uji, nikakuta kitanda kimeshatandikwa.

Nimemwambia padre, nimemwambia mama. Wote wanasema ni kitu kidogo, nisijitese. Si kidogo. Watu wote wa soko hili uliwapa mwisho wa hadithi zao, wewe wako nikakunyima mimi, tena kwa utani. Nisamehe.

Mwezi uliopita katekista alilazwa. Nikampelekea riwaya ya upelelezi, na ukurasa wa mwisho nimeubana humohumo kwa pini. Akashangaa, akauliza kama sheria ya Deo imefutwa. Nikamwambia wodini haifiki. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: maadamu nakalia kiti hiki, mgonjwa atapewa kitabu kizima.

Ukurasa wako nilikuwa sijausoma. Niliona si haki nijue kabla yako, nikautembeza kwenye mkoba miezi yote hii mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Leo mvua imewarudisha watu makwao mapema. Nimeinuka kwenye kiti chako, nimekaa kwenye benchi kama msomaji yeyote, nimeufungua.

Ni fundi saa, Mjomba. Ulimjua tangu mwanzo, na mimi niliyekuwa nabisha kwamba ni mlinzi nimeshindwa.

Jumapili baada ya misa nitakuja makaburini niusome wote kwa sauti, mstari kwa mstari, halafu niugundishe kitabuni mwake na kukiweka juu ya redio. Sitakiazimisha kwa mtu. Pumzika, Mjomba wangu. Muuaji tumempata. Uso wako tu ndio sikuuona.

Mpwa wako,
Koleta