Bata Wangu Ameacha Kutembea, na Jumatano Mama Mkwe Anapanda

Mpendwa Bi Ikram,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni bafuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo, na ukiona wino umechuruzika ujue si machozi peke yake, ni maji pia, kwa kuwa bata wangu yumo ndani ya beseni mbele yangu na kila akijitikisa ananirushia, naomba msaada wako haraka kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, mama yangu mzazi yuko mbali, Aswan, na nikimpigia simu atacheka aniulize kama alinisomesha ili nije kulilia kitoweo.

Mimi ni mke wa fundi vanishi hapa Dumyat. Majina ya watu nimeyageuza yote, mume wangu nimwite Rifaat na mama yake nimwite Hajja Tafida, tunaishi ghorofa moja juu yake, yaani roshani yangu iko juu kabisa ya chumba anachoshinda yeye, na kule kwenye paa ndiko waliko mabata wake, wale ninaomshushia awashindilie maharage ya kulowekwa kooni kwa kidole mpaka wanashindwa kuinama. Mwaka huu baridi ilipokuwa kali bata mmoja aliangua vifaranga, wa mwisho akamkataa, akawa anamdonoa kichwani, mimi nikamtia kifuani ndani ya gauni nikashuka naye, nikamlea kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, nikamwita Fustuka, na tangu siku ile Bi Ikram kiumbe huyu ananifuata jikoni, ananifuata ninapoanika nguo, nikisali anakaa pembeni ya msala anasubiri nitoe salamu. Rifaat hupenda kuniita "bata", kama waume wa huku wanavyowaita wake zao wakiwa na furaha, basi siku hizi akiingia akiita "Bata!" tunaitika wote wawili.

Balaa lilianza siku niliposhuka na Fustuka kwa Hajja, akamwona ameshakua. Alimgeuza geuza mikononi, akamminya mapaja, akasema, "Haya, huyu amefikia. Tazameni miguu! Nyama tupu." Hakusema mashallah, Bi Ikram, nilisubiri aseme, hakusema. Rifaat akacheka, "Mama, huyo mwache bwana, huyo wa mke wangu." Hajja naye akajibu, "Kwani nani kamnyang'anya? Akitembea ni wake. Akikaa ni wangu, na wangu wote wanaijua njia ya sufuria." Tukacheka wote, hata mimi nilicheka, lakini katika nyumba hii neno lake likishatoka limetoka, na kwa wanyama ana amri moja tu, nimeisikia tangu nilipoolewa: "Mnyama akishakaa chini, anaaga. Mtangulie kwa kisu kabla hajawa kibudu, usije ukakosa nyama na ukapata dhambi."

Rifaat aliona nimenyong'onyea, akataka kunifurahisha, akamjengea Fustuka nyumba ya mbao pale roshanini, si banda, nyumba hasa, ina mlango wa kuchonga, akaipiga msasa ndani na nje, akaipaka vanishi tena na tena vile vile anavyopaka vyumba vya maharusi, mpaka sakafu yake inang'aa ukiinama unaweza kujipaka wanja, majirani walikuja kuitazama. Sasa sijui ni wivu wa hao majirani au ni yale maneno ya Hajja, haukupita muda Fustuka akaanza kuchechemea, kisha miguu ikawa inamkimbia, huu huku ule kule, anaanguka kifudifudi, ananitazama, anajaribu tena, anaanguka tena, na sasa hainuki kabisa. Nilimfunga mguuni shanga ya buluu ya kukinga jicho la husuda, uzi nikaukaza usitoke. Nilimwambia muuza dawa wa hapa mtaani, akacheka, "Dada, dawa ya bata ni vitunguu na zabibu, halafu tanuri." Basi nikaiba nusu ya kidonge cha magoti cha Hajja, nikakisaga, nikamchanganyia kwenye mkate, akalala mchana kutwa shingo imelegea, nikadhani nimemuua kwa mkono wangu.

Na kuna jambo jingine ambalo naona haya hata kuliandika. Hajja anasikia kila kinachopita juu ya kichwa chake, na nyayo za Fustuka alishazizoea. Siku ya kwanza ya kimya alipaza sauti dirishani, "Wee Samiha! Mbona bata wako hatembei leo?" Nikajibu, "Anatembea mama, anakula kwanza!" Nikavua kandambili, nikazilowesha, nikazivaa mikononi, nikapiga magoti nikaanza kutembea mimi, pa, pa, pa, mpaka kwenye ukuta na kurudi, na tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu kila asubuhi na kila alasiri, Bi Ikram, mimi mtu mzima, magoti yamechubuka. Rifaat sijamwambia, anatoka mapema kwenda karakana, akirudi namwambia bata amelala, maana yeye hawezi kumdanganya mama yake, kila kitu huonekana usoni pake.

Jana Hajja amenisimamisha kwenye ngazi, amenishika mkono, akasema taratibu, "Samiha, bata wako siku hizi ana nyayo nzito. Jumatano ya wiki ijayo napanda kumtazama." Hajja hapandi ngazi, magoti hayamruhusu, akisema anapanda ujue ameshaamua. Na Alhamisi ndiyo arusi ya binti yake, Naglaa, na asubuhi ya Ijumaa lazima sinia la mabata waliojazwa vitunguu lipelekwe kwa maharusi kama ada ilivyo, na nimemsikia akisema sinia bado lina nafasi.

Nimtoroshe? Nimpeleke kwa nani, bata asiyetembea? Ni jicho au ni ugonjwa? Usiku silali, nikisikia kisu kinanolewa huko chini nakimbilia kumtazama, hata kama ni cha kukatia nyanya. Niambie Bi Ikram, Fustuka atakufa? Na tafadhali nijibu kwa maneno ya mafumbo, kwa sababu kila Jumatatu baada ya chakula cha mchana Naglaa humsomea mama yake ukurasa wako kwa sauti, nami huwa niko pale pale naosha vyombo.

Wako mwenye hofu,
Samiha (si jina langu), Dumyat


BI IKRAM ANAJIBU

Samiha usiye Samiha,

Vuta pumzi. Nakuhurumia na nitakugombeza, yote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa muda hatuna. Umegeuza majina ya watu, ukaacha vanishi, roshani, arusi ya Alhamisi na mke anayetambaa na kandambili mikononi. Unadhani Dumyat ina nyumba ngapi za namna hiyo? Mafumbo hayatakusaidia. Gazeti linatoka asubuhi na kwenu linasomwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo una asubuhi moja ya kusema mwenyewe kabla Naglaa hajakusemea. Itumie.

Kabla ya kushika kalamu nimemuuliza daktari wa mifugo, mtu mwenye subira kuliko mimi. Sibishani na mtu kuhusu jicho, lakini katika barua yako mimi nimeona kitu kinachong'aa. Sakafu ya kujipakia wanja! Binti yangu, bata ana nyayo laini, tena zimelowa saa zote. Mmemweka juu ya kioo. Kila akitaka kuinuka, mguu mmoja unaelekea Port Said na mwingine Iskandaria, na kwa kujaribu na kuanguka kila siku mapaja yamevutika mpaka yamekataa. Hakurogwa na mama mkwe wako, wala jirani. Ameangushwa na mapenzi ya mume wako, maana ninyi watu wa Dumyat mkipewa ubao hamwezi kuuacha mpaka muung'arishe.

Kwa hiyo mtoe humo sasa hivi. Mwekee gunia kuukuu, juu yake maranda mengi, yale manene yanayotoka kwenye randa, ya mbao tupu. Usichukue unga wa msumeno, utamziba pumzi, wala maranda ya mbao zilizopakwa chochote. Kisha mpigie Rifaat simu karakana. Usimwambie amekuharibia bata. Mwambie, "Sakafu inateleza, njoo na msasa mkali." Fundi ukimpa kazi hapati nafasi ya kununa, atajilaumu baadaye huku mikono inafanya kazi.

Ile shanga ikate. Uzi uliokazwa kwenye mguu unaovimba ni kitanzi, na wewe mwenyewe ndiye uliyekifunga. Ukishaukata mgeuze taratibu utazame chini ya nyayo: ukiona kigaga cheusi, au kifundo kina moto, au mfupa umekaa upande, basi si kuteleza peke yake. Kidonge cha magoti usirudie, nakuomba kwa jina la Mungu. Dawa hiyo ya watu inaweza kuua figo za ndege, na Fustuka amepona kwa bahati tu. Tena umemrudishia Hajja dawa yake? Anameza nini huko chini?

Na mkate! Mkate na maziwa humjaza tumbo tu. Bata anayekua anataka chakula chake cha bata, na majani, na njegere, na kuna vitamini moja ya miguu ambayo mkate haumpi. Hiyo imo kwenye vidonge vya hamira ya bia, vile wanavyomeza mabinti wanaotaka mashavu yajae kabla ya arusi. Usishtuke na jina, havilevyi. Muombe Naglaa, nina hakika anavyo kabatini. Daktari atakwambia kiasi cha kumsagia.

Beseni ndilo jambo moja ulilofanya sawa, na ulilifanya kwa kujificha. Maji ya uvuguvugu, aelee, apige miguu bila kubeba uzito wake, kisha mkaushe vizuri. Endelea nalo. Lakini leo hii bata aende kwa daktari wa mifugo, si kwa muuza dawa mwenye maskhara. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umeficha mpaka umeanza kutembea kwa niaba ya mgonjwa.

Sasa wewe bibi harusi unayesoma kwa sauti, hongera, na usiruke mistari hii hata mama akikukazia macho. Hajja, nakusalimu kwa heshima zote. Najua amri yako inatokana na nini. Umelelewa kuogopa kibudu, kuogopa kutupa riziki ya Mungu, na hilo ni jema. Lakini kukaa si kuaga. Magoti yako nayo yamezikataa ngazi, na hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyesema umeaga. Msichana huyu hakuibii nyama. Anakuogopa. Anatambaa juu ya kichwa chako kwa kukuogopa, nawe ulipomshika mkono kwenye ngazi nadhani ulishajua, ukamwacha aendelee. Sinia la binti yako litajaa, paa lako lina mabata wa kutosha. Huyu mmoja mkague wewe mwenyewe, maana umefuga bata tangu kabla mimi sijajua kuandika, na umfundishe mkweo kumshika mguu bila kumuumiza. Hatathubutu kukuomba. Namuombea mimi.

Samiha, narudi kwako. Usingoje Jumatano. Shuka ngazi na bata wako mikononi, mchana kweupe, mweke mbele ya Hajja na useme, "Mama, hawezi kusimama, naogopa." Maneno hayo tu. Akifoka, mwache afoke, umeishi naye muda mrefu, kufoka kwake unakujua. Usikimbilie kuomba radhi za kandambili, hizo atacheka nazo mwenyewe siku nyingine.

Umeniuliza kama Fustuka atakufa. Sijui, na anayekwambia anajua bila kumshika anakudanganya. Misuli iliyovutika hupona kwa maranda na maji. Mfupa uliopinda mara nyingi haunyooki. Daktari akikwambia anaumia na hakuna njia, utakubali kisu cha haraka chenye jina la Mungu kuliko kumweka bafuni akiteseka, na hakuna atakayekulazimisha kuonja. Jambo hilo linaweza kutokea na ni haki yako kuliogopa. Lakini tangu miguu yake ianze kumsaliti umemlilia, umemfungia shanga, umemsemea uongo, umetembea badala yake. Kumtibu, binti yangu, bado hujaanza.